Laptopu imepoteza Wi-Fi ghafla: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yamepangwa kwa jinsi tatizo linavyojitokeza kwenye skrini. Tafuta linalofanana na unachokiona, lakini soma la kwanza hata kama una haraka, maana mengi yanayofuata yanalitegemea. Majina ya menyu yameachwa kama yanavyoonekana kwenye kompyuta iliyowekwa Kiingereza, kwa kuwa ndizo zilizo nyingi.

Mtandao ulikuwepo sasa hivi, ghafla haupo. Nianzie wapi?

Anza na simu. Zima data ya laini, iache simu kwenye Wi-Fi ileile, kisha fungua ukurasa ambao hujawahi kuufungua. Kuzima data ni lazima: simu ikiona Wi-Fi haina intaneti huhamia kimyakimya kwenye laini, nawe unaendelea kuamini kwamba Wi-Fi ni nzima. Ukurasa nao uwe mgeni kwa sababu ule uliouzoea unaweza kuwa umehifadhiwa ndani ya simu.

Kati yako na tovuti kuna njia mbili. Ya kwanza ni ya hewani, kutoka laptopu hadi kwenye ruta, kile kifaa kinachosambaza Wi-Fi. Ya pili inatoka kwenye ruta kwenda kwa mtoa huduma na kuendelea mbele. Simu nayo ikikosa intaneti, laptopu haina kosa. Nenda moja kwa moja kwenye maswali ya ruta na mtoa huduma hapo chini. Simu ikipata na laptopu ikakosa, shida imo ndani ya laptopu, au kwenye maelewano kati yake na ruta.

Nalisisitiza hili kwa sababu ndipo muda na pesa za watu vinapopotelea. Mtu anafuta draiva (programu inayoiwezesha Windows kuendesha kifaa), anaweka Windows upya, anapoteza mafaili yake, kumbe kifurushi kimeisha au kebo ya ruta imelegea nyuma ya kabati. Jaribio la simu halimalizi hata dakika mbili.

Jambo la pili: gusa kitu kimoja, pima, ndipo uende kingine. Ukibadilisha vitano kwa mkupuo na mtandao ukarudi, hutajua dawa ilikuwa ipi, na siku ukikatika tena unaanza upya.

Laptopu inaonyesha imeunganishwa, ila kurasa zinagoma kufunguka. Inawezekanaje?

Inawezekana kabisa. Vile vipinde vya aikoni ya Wi-Fi vinapima mawimbi kati ya laptopu na ruta tu. Ng'ambo ya ruta havioni kitu. Vinaweza kujaa vyote na usipate hata ukurasa mmoja.

Pima hatua kwa hatua. Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, bonyeza Enter. Katika dirisha jeusi litakalofunguka andika:

ipconfig

Tafuta mstari ulioandikwa "Default Gateway" chini ya adapta ya Wi-Fi. Hiyo ndiyo anwani ya ruta yako, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Iite, ukiandika namba uliyoiona wewe:

ping 192.168.1.1

Windows itatuma vifurushi 4 vya data na kukuonyesha muda ambao kila kimoja kimetumia kwenda na kurudi. Ukiwa karibu na ruta, milisekunde chache ndiyo kawaida. Vyote 4 vikirudi upesi, njia ya hewani ni nzima. Kimoja kikirudi na vitatu vikapotea, au muda ukaruka kutoka 3 hadi 800, mawimbi ndiyo yanayosumbua. Sasa pima njia ya pili, inayotoka nje ya nyumba:

ping 1.1.1.1

Hiyo ni seva ya umma ya Cloudflare. Ruta ikiwa imejibu na hii ikanyamaza, shida iko kwenye ruta au kwa mtoa huduma. Ikijibu, intaneti unayo. Limebaki la mwisho:

ping wikipedia.org

Namba ikijibu lakini jina likarudi na ujumbe kwamba halipatikani, umemjua mchawi: ni DNS, ile huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba. Na kama vyote vitatu vinajibu huku kivinjari kikiendelea kugoma, angalia VPN (programu inayopitisha intaneti yako kwenye seva nyingine), proksi (seva ya kati inayokuombea kurasa), antivirusi na saa ya kompyuta, mambo ambayo yana maswali yao hapo chini.

Nimeona anwani yangu inaanza na 169.254. Ni kitu gani?

Ni anwani ambayo laptopu imejipachika yenyewe baada ya kuomba kwa ruta na kutojibiwa. Kwa kawaida ruta ndiyo hugawa anwani za IP (namba zinazotambulisha kila kifaa kwenye mtandao), na za nyumbani huanza na 192.168, 10, au kati ya 172.16 na 172.31. Ukiwa na 169.254 huwezi kufika popote nje.

Kwenye dirisha lile jeusi la cmd, andika amri hizi mbili moja baada ya nyingine:

ipconfig /release

ipconfig /renew

Zisiposaidia, isahau Wi-Fi hiyo kwa kubofya "Forget" kisha ujiunge upya. Bado? Zima ruta na uiwashe. Ruta yenye vifaa vingi inaweza kuishiwa anwani za kugawa, hasa simu zinazobadilisha utambulisho wake zikiwa zinahesabiwa kama vifaa vipya. Kagua pia kama kuna mtu aliyewahi kuandika anwani ya IP kwa mkono kwenye laptopu: nenda kwenye mipangilio ya Wi-Fi hiyo, sehemu ya "IP assignment", na uhakikishe inasomeka "Automatic (DHCP)".

DNS ikiwa ndiyo mbovu, nafanya nini?

Futa kwanza kumbukumbu ya zamani:

ipconfig /flushdns

Isipotosha, weka seva nyingine za DNS kwa mkono kwenye mipangilio ya Wi-Fi: 1.1.1.1 ya Cloudflare au 8.8.8.8 ya Google. Zote ni za bure. Ila kama laptopu ni ya kazini au ya chuo, usibadilishe bila kuuliza, kwa sababu huduma za ndani za taasisi mara nyingi hutambulika na DNS ya taasisi yenyewe pekee. Kubadilisha DNS hakuongezi nguvu ya Wi-Fi wala hakutibu mtandao unaokatika hewani, ingawa ushauri huo hutolewa kwa kila aina ya tatizo.

Simu inaliona jina la Wi-Fi yangu, laptopu hailioni. Kwa nini?

Mara nyingi ni suala la masafa. Wi-Fi hutumia 2.4 GHz, 5 GHz, na kwenye vifaa vipya 6 GHz. Laptopu ya zamani inaweza kuwa na kadi ya Wi-Fi (kipande cha ndani kinachopokea mawimbi) ya 2.4 GHz tu. Ruta ikizimwa masafa hayo, kwa laptopu hiyo ni kana kwamba ruta haipo. Kwa 6 GHz inahitajika kadi ya Wi-Fi 6E au Wi-Fi 7, na kwa upande wa Windows inahitajika Windows 11.

Sababu nyingine ni chaneli, yaani vijinjia vilivyogawanywa ndani ya masafa. Ruta iliyoachwa ijichagulie inaweza kuhamia chaneli 12 au 13 za 2.4 GHz, ambazo laptopu zilizoandaliwa kwa soko la Marekani kwa kawaida hazizisikilizi. Ingia kwenye mipangilio ya ruta, uiweke 1, 6 au 11.

Kwenye 5 GHz kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi. Chaneli 52 hadi 144 zinatumiwa pia na rada, zikiwemo za hali ya hewa. Sheria inaitaka ruta isikilize kwa angalau dakika 1 kabla ya kuanza kuzitumia, na ikihisi rada ihame mara moja. Ukiona jina la 5 GHz linatoweka kwa vifaa vyote kwa wakati mmoja kisha linarudi baada ya dakika moja au zaidi, hasa kama mnaishi karibu na uwanja wa ndege au kituo cha hali ya hewa, iweke ruta kwenye chaneli 36, 40, 44 au 48. Hizo hazina sharti hilo.

Aikoni ya Wi-Fi yenyewe imetoweka. Hakuna hata pa kubofya.

Hapa laptopu haioni kadi yake ya Wi-Fi. Angalia kwanza hali ya ndege. Laptopu nyingi zina kitufe chenye picha ya ndege au ya antena kwenye safu ya juu ya kibodi, na ni rahisi kukigusa bila kujua unapofuta vumbi. Za zamani zina swichi ndogo ubavuni.

Kama si hiyo, ipumzishe kompyuta kikamilifu. Hili ndilo jaribio ninalolipenda kuliko yote kwa kadi iliyotoweka, na halifuti chochote. Zima laptopu. Chomoa chaja, kipanya, flashi na kila kilichochomekwa. Kama betri inatoka, itoe. Bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie kwa sekunde 30. Kwa betri isiyotoka, laptopu inaweza kuwaka na kuzima tena ukiwa umeshikilia. Usiogope, endelea kushikilia. Achia, rudisha chaja, washa. Kuna chipu ndogo inayosimamia umeme wa vifaa vya ndani, na ikikwama, kadi hubaki haina uhai hata ukiwasha na kuzima kwa njia ya kawaida. Kumbuka pia kwamba kuzima kwa Windows mara nyingi si kuzima kamili, kwa sababu ya kipengele cha "Fast startup" kinachohifadhi sehemu ya mfumo ili iwake upesi. Ukichagua "Restart" ndipo mfumo unaanza upya kweli.

Isiporudi, bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya alama ya Windows, chagua "Device Manager", fungua "Network adapters". Kadi ikiwepo lakini ina alama ya mshangao ya njano, bofya mara mbili usome ujumbe. Code 10 inamaanisha kifaa kimeshindwa kuanza. Code 43 inamaanisha kifaa kimeripoti hitilafu chenyewe. Vyote viwili vinaweza kutokana na draiva, hivyo chagua "Uninstall device", uwashe kompyuta upya, na Windows itaitafuta tena. Kadi ikiwa haipo kabisa kwenye orodha, hata baada ya kubofya "View" na "Show hidden devices", nenda kwenye swali la kadi iliyokufa.

Mtandao unakata na kurudi kila baada ya muda mfupi. Nitamjuaje anayeukata?

Windows inaandika kila kitu. Ni watu wachache tu wanaosoma. Fungua cmd kwa kuchagua "Run as administrator", kisha andika:

netsh wlan show wlanreport

Itatengeneza faili na kukuonyesha mahali lilipo. Lifungue kwenye kivinjari. Juu utaona mchoro wa siku 3 zilizopita, na kila ulipokatika kuna alama yake. Bofya alama yenye rangi nyekundu ushuke kwenye maelezo ya tukio lenyewe: saa, jina la mtandao, na sababu iliyoandikwa.

Linganisha saa hizo na maisha yako. Kukatika kila unapofunika laptopu au kuiacha kidogo kunaelekeza kwenye mipangilio ya umeme. Kukatika jioni tu, wakati majirani wote wako nyumbani, kunaelekeza kwenye msongamano wa chaneli. Kukatika kila baada ya muda uleule, tuseme kila saa moja kamili, mara nyingi hutoka kwenye ruta. Na kama ripoti haionyeshi kukatika kokote wakati wewe ulikosa intaneti, basi Wi-Fi haikuwahi kukatika: kilichokatika ni njia ya pili, ile ya mtoa huduma. Ripoti hii pekee imemaliza ubishi mwingi kati ya mtu na kompyuta yake.

Mbona inakatika nikiwa kwenye betri, au nikiiamsha baada ya kulala?

Laptopu inabana matumizi ya umeme na kadi ya Wi-Fi ni kati ya vya kwanza kuzimwa. Kwenye "Device Manager" fungua kadi ya Wi-Fi, nenda kwenye "Power Management", uondoe tiki kwenye "Allow the computer to turn off this device to save power". Laptopu nyingi mpya hazina ukurasa huo. Kwa hizo, sasisha draiva kutoka kwa mtengenezaji wa laptopu, na sasisha BIOS (programu ya msingi inayoiwasha kompyuta) pia ikiwa toleo jipya lipo. Fanya hilo la BIOS ukiwa umechomeka chaja na betri imejaa, maana umeme ukikatika katikati unaweza kuiua kompyuta.

Karibu na ruta ni sawa, chumbani inakufa. Ni laptopu au ruta?

Pima kwa namba, usipime kwa vipinde. Andika:

netsh wlan show interfaces

Angalia mistari ya "Signal", "Channel" na "Band" au "Radio type". Windows 11 mpya inaweza kukutaka uruhusu huduma ya mahali kabla ya kuonyesha. Nguvu inatajwa kwa asilimia, na kuigeuza kuwa dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi) igawe kwa mbili kisha utoe 100: asilimia 80 ni takriban -60 dBm, asilimia 60 ni -70, asilimia 40 ni -80. Namba inayokaribia sifuri ndiyo yenye nguvu. Kwa mazungumzo ya video lenga -67 au bora zaidi. Ikifika -80 usitarajie utulivu.

Sasa chukua laptopu, tembea nayo polepole kutoka kwenye ruta hadi chumbani, ukirudia amri hiyo kila baada ya hatua chache. Utaona mahali namba inapoporomoka: mlango wa chuma, ukuta wa zege, kioo kikubwa, friji, tangi la maji. Kisha simama palepale na simu. Simu ikiwa na mtandao mzuri na laptopu ikawa hoi mahali hapohapo, shuku antena za laptopu. Zote mbili zikiwa hoi, hamisha ruta: iwe juu, wazi, katikati ya nyumba. Ruta iliyofichwa ndani ya kabati la televisheni inapambana na kabati kabla haijafika kwako.

2.4 GHz hufika mbali na hupenya kuta vizuri zaidi. 5 GHz ni ya kasi lakini huchoka upesi. Ruta ikitumia jina moja kwa masafa yote mawili, laptopu inaweza kuyumba kati yake ukiwa mpakani, na kila kuhama kunaonekana kama kukatika. Tenganisha majina hayo kwenye ruta kwa siku chache uone. Kadi nyingi za Intel zina pia chaguo la "Preferred Band" kwenye ukurasa wa "Advanced" wa draiva.

Ni kweli maikrowevu na vifaa vya USB vinaweza kukata Wi-Fi?

Kweli. Maikrowevu hupasha chakula kwa mawimbi ya karibu 2.45 GHz, katikati kabisa ya masafa ya Wi-Fi ya 2.4. Kiasi kidogo kinachovuja hakimdhuru mtu ila kinatosha kuvuruga Wi-Fi iliyo karibu nayo.

La USB ndilo linalowashangaza watu. Vifaa vya USB 3.0 hutoa kelele za redio kwenye eneo hilohilo la 2.4 GHz, na Intel ilichapisha maelezo ya jambo hili mwaka 2012. Ukichomeka diski ya nje au kitovu cha USB, Wi-Fi ikaanza kusuasua na kipanya cha Bluetooth kikaanza kurukaruka, chomoa uone. Dawa ni kuhamia 5 GHz, kutumia tundu la upande mwingine wa laptopu, au kebo ndefu na nzuri zaidi ili kifaa kikae mbali.

Nenosiri ni sahihi kabisa, lakini inakataa.

Lionyeshe kwanza kwa alama ya jicho ulisome herufi kwa herufi. Caps Lock na mpangilio wa kibodi huharibu alama kama @ na #. Likiwa sahihi, sahau mtandao huo na ujiunge upya. Huenda ruta imebadilishiwa usalama huku laptopu ikishikilia taarifa za zamani.

Pia ruta mpya hutumia mfumo wa usalama wa WPA3, uliotangazwa mwaka 2018, na kadi za kabla ya hapo zinaweza kushindwa kuuelewa. Weka ruta kwenye mchanganyiko wa WPA2 na WPA3. Kadi ikigoma hata hapo, weka WPA2 yenye AES. Usirudi kwenye WEP, mfumo wa zamani, wala usiache Wi-Fi wazi kwa ajili ya laptopu moja.

Kama ruta imewekwa iruhusu vifaa vilivyosajiliwa tu, zima "Random hardware addresses" kwenye laptopu, la sivyo itajitambulisha kwa jina geni na kukataliwa.

Kila tovuti inaniambia muunganisho si salama.

Angalia saa na tarehe. Vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta ikiamini kwamba tuko mwaka 2015, itavikataa vyote. Rekebisha saa. Ikirudi nyuma kila unapozima, betri ndogo ya ubao mkuu imechoka. Saa ikiwa sahihi na onyo likaendelea kwenye Wi-Fi ya umma, usilipuuze: ondoka kwenye mtandao huo, na usiingize nenosiri lolote.

VPN na antivirusi zinahusikaje?

VPN nyingi zina kinga inayokata intaneti yote VPN yenyewe ikidondoka, na wakati mwingine kinga hiyo hubaki hata baada ya kufunga programu. Ifungue tena, uizime kwa mpangilio, kisha upime. Kwenye "Proxy" hakikisha hakuna anwani usiyoijua. Antivirusi izime kwa dakika chache tu za kupima, uiwashe tena.

Kwenye Wi-Fi ya hoteli au chuo, ukurasa wa kuingia hautokei.

Zima VPN, rudisha DNS kwenye "Automatic", kisha fungua neverssl.com, tovuti iliyotengenezwa makusudi bila usimbaji ili ukurasa wa kuingia uweze kujitokeza.

Shida imeanza baada ya Windows kujisasisha.

Kwenye "Device Manager", fungua kadi, ukurasa wa "Driver", bofya "Roll Back Driver". Kitufe kikiwa kimefifia, hakuna draiva ya zamani iliyohifadhiwa. Pakua kutoka kwa mtengenezaji wa laptopu ukitumia namba kamili ya modeli iliyoandikwa chini yake.

Utapakuaje bila mtandao? Unganisha simu kwa kebo ya USB na uwashe "USB tethering". Kwa simu za Android, Windows huitambua kama kebo ya mtandao bila kuhitaji Wi-Fi. Kama laptopu ina tundu la Ethernet (la kebo ya mtandao), kebo ya ruta ni bora zaidi.

"Network reset" nitumie lini?

Mwisho. Inafuta Wi-Fi zote ulizohifadhi pamoja na manenosiri yake, na mipangilio ya VPN utaiweka upya. Inasaidia kweli pale programu fulani ilipovuruga mfumo wa mtandao, ila haiwezi kuponya ruta, mawimbi wala kadi mbovu. Andika manenosiri yako pembeni kwanza.

Natumia MacBook, au Linux. Je?

Kwenye Mac, shikilia kitufe cha Option huku ukibofya aikoni ya Wi-Fi. Utaona RSSI, ambayo ndiyo ile dBm, na Noise. Tofauti kati ya namba hizo mbili ikiwa chini ya 20, kelele inakaribia kukushinda. Kwenye menyu hiyohiyo kuna "Wireless Diagnostics", inayoweza kuachwa ikifuatilia hadi mtandao ukatike.

Kwenye Linux anza na rfkill list. Ukiona "Soft blocked: yes", andika sudo rfkill unblock wifi. Ikiwa "Hard blocked: yes", ni swichi au kitufe cha kompyuta yenyewe. Sababu ya kukatika soma kwenye journalctl -u NetworkManager.

Kuzima na kuwasha ruta kunasaidia kweli, au ni mazoea tu?

Kunasaidia. Ruta ni kompyuta ndogo isiyopumzika. Kumbukumbu hujaa, joto hupanda, programu yake hukwama. Ichomoe, subiri sekunde 30, irudishe, uipe dakika chache. Ila ukilazimika kufanya hivyo kila siku, hiyo si tiba. Sasisha programu yake, iguse kama inawaka moto, na kama haijapata sasisho kwa miaka, ibadilishe. Kile kitundu kidogo cha "Reset" nyuma yake usikiguse: kinafuta mipangilio yote, ikiwemo ya mtoa huduma.

Nitajuaje kwamba kadi ya Wi-Fi imekufa?

Haionekani kwenye "Device Manager", haionekani kwenye BIOS, na ukiwasha kompyuta kwa flashi ya Linux bado haionekani. Jaribio la mwisho ndilo lenye uzito, kwa sababu linaiweka Windows na draiva zake kando kabisa.

Kuna pia kadi nzima yenye antena mbovu. Kwenye laptopu nyingi antena zimezunguka skrini, na nyaya zake mbili nyembamba, mara nyingi nyeusi na nyeupe, hupita kwenye bawaba kabla ya kubanwa juu ya kadi kwa vishikizo vidogo kuliko punje ya mchele. Laptopu ikianguka, au fundi akiifungua na kuifunga bila uangalifu, kishikizo huchomoka. Dalili yake: mtandao upo ukiwa mita moja kutoka kwenye ruta, ukisogea unapotea. Na mawimbi yakipanda na kushuka kila unapoinamisha skrini, waya umekatika kwenye bawaba.

Kadi nyingi hubadilishika, ingawa kwenye baadhi ya laptopu nyembamba zimeunganishwa moja kwa moja na ubao mkuu. Kabla ya kununua, soma namba iliyo juu ya kadi ya zamani. Intel AX200 na AX201 zinafanana kwa macho, lakini AX201 inategemea chipu za Intel zinazoiunga mkono na haitafanya kazi kwenye laptopu ya AMD. Kama hutaki kufungua kompyuta, adapta ndogo ya Wi-Fi ya USB inatosha. Kwa laptopu iliyo kwenye dhamana, usifungue skrubu hata moja. Ipeleke kwa aliyeiuza.

Nimegundua ni mtoa huduma. Nimweleze nini ili asinizungushe?

Mpe vipimo. Mwambie ruta inajibu ping kwa milisekunde ngapi na 1.1.1.1 haijibu, na kwamba umejaribu kwa vifaa viwili. Mpe saa za kukatika. Mwambie taa zipi za ruta zinawaka na zina rangi gani. Kwenye ruta ya faiba, taa ya LOS ikiwa nyekundu inamaanisha mwanga haufiki kwenye kifaa, jambo ambalo hakuna mpangilio wa laptopu unaoweza kulirekebisha. Kama una kebo ya Ethernet, pima kwa kebo kabla ya kupiga simu, kwa sababu swali la kwanza atakalokuuliza ni kama tatizo lipo pia ukiwa kwenye kebo. Na omba namba ya kumbukumbu ya malalamiko yako kabla hujakata simu.